Mashavu Niliyomchorea Binti Yangu

Kazi yangu ni kuchora kwenye kuta. Watu wa mji wetu wa Uvira, kando ya ziwa, huniita Pentre, yaani mchoraji, na wengi hawajui kama nina jina lingine. Ukipita barabara kubwa kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu, ukaona simu imechorwa juu ya mlango wa duka, au gunia la simenti, au kichwa cha mwanamke aliyesukwa nywele, uwezekano ni mkubwa kwamba mkono wangu ulipita hapo. Sijisifu. Tuko wachoraji watatu tu wa kazi hii upande wetu wa mji, na mmoja haoni vizuri kwa jicho la kushoto.

Nimechora kuta nyingi bila kuogopa hata moja. Ni ukuta mmoja tu uliowahi kunitia hofu, ile hofu ya mtu anayeingia kanisani akidhani hamna mtu, kisha anasikia pumzi ya mwingine karibu yake. Ukuta huo uko Songo, mtaani kwangu, hatua chache kutoka mlangoni petu.

Ni ubavu wa duka la jirani yetu mmoja, mama mjane mwenye sauti kubwa na moyo laini. Ubavu huo unatazama njia wanayopita watoto wakienda shule na wakirudi. Kampuni moja ya mbali inayouza unga mtamu wa kutengenezea juisi ilikuwa imeuona ukuta huo na kuupenda. Unga wenyewe unakuja katika vipakiti vidogo vya rangi ya chungwa. Inasemekana unachanganywa na maji, lakini watoto hawana subira ya maji. Wanaumwaga kiganjani na kuulamba hivyo hivyo.

Wakala wa kampuni aliniletea picha ya karatasi ili niifuate. Ndani yake alikuwemo mtoto wa nchi nyingine kabisa, ameshika kipakiti karibu na mdomo, anacheka. Wakala aliitazama, akatikisa kichwa.

“Huyu hapana. Weka mutoto wa hapa,” akaniambia. “Mutoto iko na furaha, iko na mashavu.”

Sikwenda mbali kumtafuta. Binti yangu wa tatu, mwenye miaka saba wakati ule, alikuwa ametoka shule. Nilimsimamisha kwenye mwanga wa mlango, nikampa kipakiti kimoja ashike karibu na mdomo, nikamwambia asikifungue. Nilichukua muda mrefu na penseli yangu. Mkono wake ulianza kutetemeka, naye akauegemeza kwa mkono wa pili, lakini hakuushusha wala hakukifungua kipakiti. Nilipomaliza alinirudishia kikiwa kizima, nami nikamrudishia wakala. Nilijiambia nina mtoto mtiifu, nikaendelea na kazi. Leo nikikumbuka mkono ule unaotetemeka, natamani ningeketi chini nikaufikiria zaidi.

Inafaa niseme jambo moja kuhusu huyu mtoto. Alizaliwa mdogo, na homa zilimpenda kupita ndugu zake. Mke wangu ni mtu wa milimani, wa upande wa Lemera, na ndugu zake wakishuka kututembelea, macho yao humwangalia mtoto kwanza kabla midomo haijatusalimia sisi. Huku kwetu mashavu ya mtoto ni barua ya wazazi, kila mpita njia anaisoma. Barua yetu sisi ilikuwa imekunjamana. Mke wangu alijaribu uji wa soya, akajaribu karanga, akajaribu maziwa ya kutoka kwa wafugaji wa juu, na mashavu hayakuja.

Kwa hiyo nilipokuwa juu ya ngazi nikihamisha uso wake kutoka kwenye karatasi kwenda ukutani, mraba kwa mraba, nilimwongezea mashavu. Ukutani ni kazi ndogo. Unashusha kivuli chini kidogo, unaweka doa la mwanga pale juu, unalizungusha kwa brashi laini. Haikunichukua hata robo saa. Jikoni kazi hiyo hiyo ilikuwa imetushinda kwa miaka saba.

Siku nilipomaliza, mke wangu alikuja kuona. Binti yetu alikuwa katikati yetu, ameshika kitenge cha mama yake. Uso ule ulikuwa mrefu kunizidi mimi, unang'aa kwa rangi ya mafuta, na ulikuwa ni yeye kabisa, ila mwenye afya. Mke wangu alifunika mdomo kwa kiganja. Nikaona machozi yanamlengalenga. Nami nikajaa fahari. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema:

“Angalia, mama. Vile njo ninataka mutoto wetu akuwe.”

Mke wangu akaitikia kwa kichwa, naye alitaka awe hivyo. Tulisimama pale tukitazama mashavu. Wala hatukukitazama kile kilichokuwa mkononi.

Wiki zilizofuata nilitembea mtaani nikiwa nimevimba kichwa, siwezi kuficha. Watoto walikuja hata kutoka ng'ambo ya mto Mulongwe kuuona ukuta wangu. Walifika wakipiga kelele, na wakifika mbele yake wananyamaza. Sijawahi kuona watoto wananyamaza namna ile, isipokuwa wakati wa radi. Siku moja nilijibanza kwenye kona nikamwona mmoja wao anakaribia ukuta, anagusa kipakiti kilichochorwa, kisha ananusa kidole chake. Alinusa mara mbili. Nilicheka peke yangu pale kwenye kona, na nywele za shingoni zilinisimama pia. Nilikuwa nimechora kitu ambacho mtu mzima anajua ni rangi, na mtoto yule alikuwa tayari kuamini kwamba pua yake ndiyo yenye kasoro.

Sasa nieleze tunavyokula nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa jinsi nilivyokuwa kipofu. Kwetu, kama katika nyumba nyingi za hapa, baba hula sebuleni, mezani, peke yake au na mgeni. Watoto hula nyuma ya nyumba, karibu na jiko, wakizunguka sahani moja kubwa ya bugari, ndio ugali wetu. Mama hula mwisho, akiwa bado anapakua na kuangalia moto. Nina watoto wanne. Sahani yao ilirudi tupu kila siku, mke wangu akaiosha, nami sebuleni nikafuta mdomo. Mikono minne ikishindana kwenye sahani moja, nani atajua kwamba mmoja haukuingia?

Mtoto alianza kusinzia jua likiwa bado juu. Alikuwa akitumwa maji anakaa chini njiani. Tulisema ni homa inarudi. Kisha asubuhi moja alianguka kwenye uwanja wa shule wakati wenzake wamepanga mistari kuimba, na mwalimu akanitumia mtu. Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Alikuwa mwepesi mno, nikawa nageuka kila baada ya hatua kumi kuhakikisha kwamba yuko.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipima malaria, hakuipata. Alivuta kope ya chini ya mtoto kwa kidole gumba, akaangalia rangi ya ndani, kisha akageuza viganja vyake.

“Damu yake iko kidogo sana,” akasema. “Anakulaka nini?”

Nilijibu kama baba. “Anakulaka chakula. Bugari, ndagala, lengalenga, maharagi.”

“Minye nauliza yeye, papa.”

Muuguzi akamwomba atoe ulimi. Ulikuwa wa rangi ya chungwa mpaka kooni, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na vidonda vidogo ambavyo mimi, mtu ninayeishi kwa macho yangu, sikuwahi kuviona.

“Hii rangi haitokake mu bugari,” muuguzi akamwambia mtoto taratibu. “Mama, nani anakupatiaka hii?”

Binti yangu alinitazama. Hakukuwa na woga wowote katika macho yake, wala ujanja. Akasema:

“Papa.”

Masikio yaliniwaka moto. Niliapa mbele ya muuguzi kwamba sijampa hata siku moja, na lilikuwa kweli. Muuguzi hakubishana nami. Aliandika kwenye kikaratasi, akatupa vidonge vya kuongeza damu, akavua miwani.

“Bidonge bitasaidia,” akaniambia. “Lakini kama hakule, mutarudi hapa, na siku ile tutamutuma mu hopitali bamuongezee damu ya mutu mwingine. Usingoje ile siku, papa.”

Tulirudi kwa miguu, polepole, mkono wake katika wangu. Nilikuwa na hasira, lakini alikuwa dhaifu mno kugombezwa. Tulipokaribia Songo nilishindwa kuvumilia. Binti yangu ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo ninamwita mama.

“Mama, juu ya nini ulisema uongo kwa muganga?”

“Sikusema uongo.”

Akanivuta mkono, akanipeleka mbele ya ukuta. Jua la saa tano lilikuwa limeupiga moja kwa moja, rangi zote zinawaka. Alisimama chini ya uso wake mwenyewe, akaunyoosha mkono mwembamba juu kuuonyesha.

“Weye njo ulinichora,” akasema. “Na ulisema mbele ya mama, vile njo ninataka mutoto wetu akuwe. Niko nafanya vile ulisema.”

Akaendelea kwa sauti ile ile, ya mtoto anayemweleza mkubwa jambo lililo wazi. Kila siku akitoka shule, mama wa duka alimpa kipakiti kimoja bure, asimame hapo chini ya picha akilambe, maana watoto wengine walipenda kuja kumlinganisha. Nyumbani hakula, kwa sababu yule wa ukutani hali kitu kingine.

“Na weye unaipendaka?” nikamwuliza.

Alifikiri. “Inaniwashaka mu kinywa. Lakini ninamalizaka.” Kisha akagusa uso wake, upande mmoja, halafu mwingine. “Mashavu njo bado hayajakuya.”

Nimesimama kwenye ngazi za juu za majengo ya bandarini, upepo wa ziwa unanisukuma, na sikuwahi kutafuta pa kukaa. Pale nilipatafuta. Nilikaa kwenye jiwe lililo mbele ya duka kama mzee. Nilikuwa nimesikia wazazi wengi wakilaani kampuni za namna hii, na mimi nawalaani pamoja nao. Watu wanaokaa mbali, wakatuma karatasi yenye mtoto anayecheka, wakachagua ukuta unaotazama njia ya shule, wanajua wanachokifanya. Hasira yangu ilitaka sana kwenda huko, tena ilikuwa na haki yake. Lakini binti yangu hakuijua kampuni. Herufi zake kubwa alikuwa hajaweza hata kuzisoma vizuri. Alichokijua ni mkono uliozichora. Kwake lile halikuwa tangazo la mtu yeyote wa mbali. Lilikuwa neno la baba yake, lenye urefu wa kunizidi mimi, na alikuwa amelitii kwa mdomo wenye vidonda, siku baada ya siku, akingoja.

Sijui kama nilikuwa nimewahi kujua maana ya kuaminiwa kabla ya saa ile. Nilimtazama mtoto wangu kwa namna ambayo watoto wa Mulongwe walikuwa wakiutazama ukuta.

Kesho yake mchana nilikwenda na ngazi, kisu cha kukwangulia na makopo yangu. Binti yangu nilimbeba mgongoni, kwa sababu nilitaka aone. Mama wa duka alitoka akijifuta mikono. Nilimweleza yote, hadi maneno ya muuguzi kuhusu damu. Alishika kichwa.

“Pentre, minye nilimupatia bure,” akasema. “Nilizani namusaidia. Nilikuwa naona mutoto iko na baraka, batoto bote banakuya kumuangalia.”

“Najua, mama. Minye njo nilianza.”

Aliutazama ukuta, kisha barabara. “Ajent wa kampuni atakuya kupiga foto. Akikuta umeharibu, hatakupatia tena kazi.”

“Umuonyeshe nyumba yangu. Nitamujibu.”

Alipima mambo yake na yangu. Duka ni lake, na watoto wale ndio waliokuwa wakinunua. Mwisho aliingia ndani, nikadhani amekasirika. Alitoka na kigoda, akakiweka kivulini, akamkalisha binti yangu juu yake.

“Jina la kampuni uache,” akaniambia. “Lakini mutoto ni wako.”

Nikapanda. Kisu kilipogusa kipakiti, rangi ya chungwa ilianza kudondoka vipande vipande hadi kwenye viatu vyangu. Watoto walikuwa wakitoka shule, wakasimama nyuma yangu, na kile kimya chao kikaja tena. Nilikwangua mpaka nikafika kwenye plasta, nikapaka njano iliyokuwa nyuma ya picha, tabaka mbili. Mkono ukabaki hewani karibu na mdomo, vidole vimejikunja, haujashika kitu. Ulikuwa mkono wa mtu aliye tayari kupokea, na sikuwa na la kuufanyia.

Kisha nikachovya brashi kwenye kijivu. Nilitaka kumaliza uongo wote siku hiyo hiyo. Nilitaka kupandisha kivuli mahali pake pa kweli na kufuta doa la mwanga, ili uso wa ukutani uwe uso wa binti yangu na usimdai kitu. Brashi ilikuwa imebakiza upana wa kidole kufika.

“Papa,” akaita kutoka kigodani. “Mashavu uache.”

“Hayako yako, mama. Nilikosea kuyaweka.”

“Uache. Nitayafikia.”

Nilishuka ngazi kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nilichutama mbele yake huku nimeshika brashi, kijivu kinanidondokea kifundoni, na yeye akanitazama usoni akauliza swali ambalo pengine alikuwa nalo kwa miezi:

“Sasa nikule nini?”

Nilikuwa na makopo kumi ya rangi miguuni. Mimi ni mchoraji, ugonjwa wangu naujua. Katika kufumba na kufumbua nilikuwa nimeshamchora akilini ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, mkononi mwa yule wa ukutani, anang'aa kwa mafuta, mpita njia anasikia kikaango. Mji mzima ungekuja kunisifu. Lakini binti yangu hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa ananitazama mimi, kwa macho yale yale aliyokuwa akiutazamia ukuta. Nikaosha brashi.

Siku hiyo chakula kilipoiva, niliichukua sahani yangu mezani nikaenda nayo nyuma ya nyumba. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi.

“Papa, kuko nini?”

“Hapana kitu. Nakuya kukula.”

Watoto walisogeana wakanipa nafasi, wakinichungulia kwa wasiwasi kama vile nimekuja na kiboko. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yangu yakafika kidevuni. Niliimwaga sahani yangu kwenye yao. Nikakata bugari, nikalifinyanga, nikachukua ndagala mzima pamoja na kichwa. Binti yangu alikuwa ameketi mbele yangu. Hakuitazama sahani. Aliutazama mkono wangu, kutoka kwenye bugari hadi mdomoni. Kisha akakata bugari, akalifinyanga kama mimi, akachukua ndagala mzima pamoja na kichwa.

Nilitafuna polepole, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba nachora.

Kando ya sahani kulikuwa na bakuli la lengalenga, mchicha wetu wa hapa. Sasa niseme ukweli mwingine. Siwezi lengalenga. Tangu utotoni harufu yake inanirudisha nyuma, na mke wangu aliligundua hilo wiki ya kwanza ya ndoa. Hajawahi kuniwekea mezani, na hatujawahi kulizungumza. Wanangu hawakujua, maana hawajawahi kuniona nikila. Nilimtazama mke wangu, naye akageuka kuangalia moto, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Macho ya mtoto yalikuwa bado kwenye mkono wangu. Mkono ukatetemeka, mbele ya bakuli la majani. Nikachota, nikaweka mdomoni, nikameza.

“Iko muzuri?” binti yangu akauliza.

“Kwa minye, hapana,” nikamjibu. “Lakini ninamalizaka.”

Alinitazama kidogo zaidi. Halafu akaunyoosha mkono wake, ule niliouacha mtupu ukutani, akachota.